Gramu 116 za Uhai: Bikoni ya Nyambizi Ndogo Yatua Umoja

Nimeishika! Bikoni ya dharura rescueME PLB1, kazi ya kampuni ya Ocean Signal ya Uingereza, iko kiganjani mwangu hapa Umoja, Eastlands ya Nairobi, na sijui nianze kuisifu wapi. Rangi yake ni njano ya kuonekana mbali. Uzito wake ni gramu 116. Ukiifumbata, vidole karibu vikutane. Ila ndani yake mna betri inayokaa miaka 7 ikisubiri siku moja tu, kipokezi cha GPS, taa kali ya kumetameta, na redio yenye nguvu ya kufikisha kilio chako hadi kwenye satelaiti. Nimefuatilia vifaa hivi kwa muda mrefu kupitia picha na maandishi. Kukishika kimoja ni jambo jingine kabisa!

Eastlands na nyambizi, wapi na wapi? Bahari yetu ni moja ya mahali ambapo nyambizi ndogo zilijipatia jina. Mwaka 1987 mtafiti Mjerumani Hans Fricke alishuka na nyambizi ndogo GEO katika maji ya Comoro, na kwa mara ya kwanza silakanti, samaki ambaye Wakomoro humwita gombessa, akapigwa picha akiwa hai kwenye makao yake. Baadaye Fricke alirudi na JAGO, chombo cha watu wawili kinachofika mita 400. Samaki wa aina hiyohiyo alinaswa Malindi mwaka 2001. Aprili 2019, Rais Danny Faure wa Shelisheli alihutubia dunia akiwa ndani ya nyambizi ndogo, mita 124 chini ya mawimbi. Na mimi nikipita Kariobangi Light Industries, nikiona vyuma vinavyochomelewa pale, naamini kabisa kwamba fundi wa mtaa huu anaweza siku moja kuunda chombo chake. Siku hiyo ikifika, nataka bikoni iwe mfukoni mwake kabla hajafunga kifuniko.

Sasa sikiliza inavyofanya kazi, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Unavuta antena, ambayo hujikunjua kama utepe wa kupimia wa fundi seremala. Unainua kifuniko kidogo, unabonyeza kitufe cha kuwasha. Basi! Mkono mmoja unatosha. Kila baada ya sekunde 50 hivi, bikoni inatuma mlipuko mfupi wa redio wa masafa ya megahezi 406, wenye nambari yake ya utambulisho na mahali ulipo. Ishara inapokewa na mtandao wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Kisovyeti katikati ya Vita Baridi, na ambao umekuwa ukiokoa watu tangu 1982. Leo vipokezi vyake vimepachikwa hata kwenye satelaiti za GPS, kilomita 20,200 juu ya vichwa vyetu. Wakati huohuo bikoni inatoa ishara nyingine ya megahezi 121.5, ili helikopta au boti iliyo karibu ifuate mpaka ilipo. Inafanya hivyo kwa saa 24 au zaidi, na hulipi ada ya mwezi wala huhitaji laini ya simu!

Lakini maji na redio havipatani, na nyumbani niliweza kulionyesha hilo waziwazi. Tulichukua simu, tukaifunga kwenye mfuko usiopitisha maji, ikawa inacheza muziki kupitia spika ya bluetooth, kisha tukaizamisha kwenye dramu la maji la ploti. Muziki ukakatika papo hapo, na spika iko hatua mbili tu! Maji ya chumvi ni makali zaidi. Mawimbi ya megahezi 406 hufifia ndani ya sentimita chache. Kwa hiyo bikoni iliyowashwa ndani ya nyambizi iliyozama haisikiki na yeyote. Rubani lazima aibuke, afungue kifuniko, atoe antena nje na kuisimamisha wima.

Anga ndilo kila kitu. Nilifanya jaribio la GPS kwenye ujia wa chini, pale ambapo majengo yetu yamebanana hadi mbingu imebaki mstari, na bikoni haikupata satelaiti. Nikapanda nayo juu ya paa, penye kamba za nguo, na taa ikathibitisha kwamba imepata mahali ilipo. Nilitaka kupiga vigelegele! Jaribio hili lina kikomo cha idadi kwa sababu hula betri, na kuiwasha kikweli bila dharura ni marufuku, hivyo sikuthubutu.

Kwa nyambizi ndogo, kuna jambo jingine zuri. PLB1 inahimili maji hadi mita 15. Inasikika kama kasoro, lakini ndani ya chumba cha rubani shinikizo la hewa ni lile la kawaida, kwa hiyo hata chombo kikiwa mita 400 chini, bikoni imekaa salama kama iko mezani. Isifungwe nje ya chombo. Huko nje kunahitajika mwenzake, kitoa mlio cha chini ya maji cha kilohezi 37.5, kama kile cha visanduku vyeusi vya ndege. Sauti husafiri majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, na waokoaji wenye vifaa vya kusikiliza huifuata. Tukumbuke kivuko cha Likoni, Mombasa, Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri na watu wawili wakapotea. Lilitolewa Oktoba 11, kutoka kina cha mita 58. Kitu kilichozama kimya ni kigumu kukipata hata pale kila mtu anapojua kilizamia wapi.

Ninachokitamani zaidi ni jibu. PLB1 haikuambii kama umesikika. Bikoni mpya zinazotumia huduma ya kurudisha jibu ya Galileo, mtandao wa satelaiti wa Ulaya, huduma iliyoanza 2020, huwasha taa kukujulisha kwamba ishara yako imepokewa. Pia PLB1 haielei yenyewe, kwa hiyo usiitoe kwenye mfuko wake wa kuelea.

Bei ya ng'ambo huzunguka dola 300, kabla ya usafiri na ushuru. Ni pesa nyingi kwa mtu wa Kayole au Donholm. Lakini wengi wetu tuna jamaa wanaovuka kwa boti kutoka Mbita kwenda Mfangano, au wanaovua usiku ziwani, na hao inawafaa leo hii, bila kusubiri nyambizi. Wakichanga watu kumi wa boti moja, inawezekana. Sajili nambari yake pamoja na jina la mtu wa kupigiwa simu, ili kituo cha uokoaji kijue kinamtafuta nani. Kwa bahari yetu kipo kituo cha uratibu Mombasa, kilichofunguliwa 2006.

Hukumu yangu: inunueni! Kwa rubani wa nyambizi, viwepo vitu viwili, kitoa mlio nje ya chombo na PLB1 ndani. Kwa mwenye boti, PLB1 peke yake, imefungwa kwenye jaketi la kuokolea, kifuani, mahali mkono unapofika gizani.