Wanaomgandisha Mvumaji

Ndege wetu chozi akinyonya ua, mara nyingi hutua kwenye kijiti, mpiga picha akapata walau nafasi ya kuvuta pumzi. Ndege mvumaji wa Amerika hana huruma hiyo: huning'inia hewani mbele ya ua, mabawa yakipiga mara 50 hivi kwa sekunde. Wanaompiga picha nawavulia kofia.

Crawford Greenewalt, mkuu wa kampuni ya kemikali ya DuPont (ndiyo, bosi mzima), aliwafuata ndege hawa miaka ya 1950 kwa flashi za kasi, na mwaka 1960 akatoa kitabu juu yao. Leo, katika bustani za Ecuador na Costa Rica, ua moja huzungushiwa flashi tatu au nne, nguvu ikipunguzwa sana. Flashi ikipunguzwa nguvu, mmweko wake huwa mfupi zaidi, na ufupi huo ndio unaogandisha bawa.

Picha ikishapigwa, kwenye kompyuta ndipo fundi na mbabaishaji huachana. Wekundu wa koo la dume wa baadhi ya wavumaji si rangi ya kupakwa. Ni vijitabaka ndani ya unyoya vinavyocheza na mwanga, na ndege akigeuka kidogo tu, koo linakuwa jeusi. Mbabaishaji hukoleza wekundu huo mpaka koo lote likawa doa. Fundi hushusha wekundu, mistari ya manyoya ikajitokeza, kisha akasafisha chengachenga za mandharinyuma. Flashi nne huacha nukta nne za mwanga jichoni mwa ndege. Wengi hufuta tatu. Siwalaumu.