Tabia ya Mtu na Mtungi wa Maji: Uhakiki wa Nadharia za Kubadili Tabia za Afya

Makada wengi wanapokwenda vijijini kuhimiza afya hubeba nadharia bila kujua. Kada anayesema, "Wananchi hawa hawanawi kwa sababu hawajaelimika," amekwisha kuchukua upande katika ubishi mkubwa wa kinadharia. Ni wajibu wetu kuuchambua upande huo, maana nadharia isiyochambuliwa huzaa utendaji mbovu.

Nadharia inayojulikana zaidi ni ile ya imani ya afya. Ilianza Marekani katika miaka ya 1950, pale wataalamu akina Hochbaum na Rosenstock walipotaka kujua kwa nini watu wengi hawakujitokeza kupimwa kifua kikuu. Jibu lao lilikuwa kwamba mtu huchukua hatua akiamini yumo hatarini, ugonjwa ni mkali, na faida ya hatua hiyo inashinda vikwazo vyake. Mwaka 1977 Bandura alisisitiza kwamba lazima pia mtu aamini kuwa anaweza kutenda. Ukweli umo katika maneno haya. Kasoro iko pale pa kuanzia: swali liliulizwa mahali ambapo huduma ilikwisha kufika, hivyo kilichobaki kuchunguzwa kilikuwa kichwa cha mtu.

Tuipime sasa nadharia hiyo katika nchi yetu, kuanzia Chiwata hadi Newala. Udongo wa Uwanda wa Makonde ni wa kichanga. Mvua hunywea chini, na juu hakuna mito ya kudumu. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Je, watu waliishi juu kwa ujinga? Masimulizi ya asili ya Wamakonde, aliyoyachapisha Mjerumani Karl Weule mwaka 1908, yanakataa. Mtu wa kwanza alichonga sanamu, ikawa mwanamke. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa karibu na Ruvuma, hakuishi. Wa pili, katika bonde jingine, hakuishi pia. Wa tatu, aliyezaliwa juu, Mahuta, aliishi. Wakawausia wazao wao wakae juu, mbali na mabonde yenye maradhi. Hiyo nayo ni nadharia ya afya, na katika nchi ya malaria si ya kipuuzi. Mama aliyebana maji hakukosa imani. Alichagua kati ya hatari mbili, na gharama aliilipa kwa shingo yake.

Je, basi tuseme: leteni mabomba, tabia itajibadili yenyewe? Hilo ni kosa la upande wa pili. Kule Kongwa, Dodoma, penye trakoma, yaani ugonjwa wa vikope, watafiti wa miaka ya 1980 walikuta watu wakiamini kwamba kuwanawisha watoto nyuso kunamaliza maji. Walipoonyeshana hadharani, ilidhihirika kuwa maji kidogo huosha nyuso nyingi. Lakini mama hakuwa na kauli ya peke yake juu ya maji na muda wake. Ilibidi baba na majirani washirikishwe. Matokeo ya majaribio yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha nyuso safi zaidi na trakoma kali kupungua. Kilichoguswa hapo ni mahusiano ya watu, si fikra za mama mmoja mmoja.

Historia yetu wenyewe inafundisha vivyo hivyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Vikundi vilisikiliza, vikasoma, vikajadili, kisha vikashika majembe. Vyoo mamia ya maelfu vikachimbwa. Nguvu ya kampeni ilikuwa kikundi kilichoamua na kutenda. Pale choo kinapochimbwa kwa ajili ya macho ya kiongozi, shimo hupatikana lakini tabia haipatikani.

Kwa hiyo kada anayekwenda Chiwata asianze na hotuba. Aanze na maswali: maji yako umbali gani, nani huchota, nani huamua yatumikeje? Kisha atenganishe vikwazo vilivyo katika uwezo wa mama, vilivyo katika uwezo wa kijiji, na vilivyo katika uwezo wa Serikali na Chama. Kumlaumu mama kwa vikwazo vya aina ya mwisho ni kuukimbia wajibu wetu.