Walishuka Kabla ya Mwamba

Njia panda yenyewe kila aliyekuwa kwenye msafara anaikumbuka. Tumetoka Kanazi asubuhi, tumemaliza mgongo wa kwanza wa rweya, ile nyika ya majani, bila mtu kulalamika, mwamba wa kileleni unaonekana mbele, kijia kinapanda kuuelekea. Pembeni kuna njia ya magari inayoteremka kwenye migomba. Kiongozi akasimama, akatazama juu, akatazama simu yake, akasema, "Jamani, tushuke." Watu wakashuka. Mzunguko wetu wa mabaki ya kale uliishia hapo, ingawa tuliendelea kuburuza miguu hadi alasiri na wengi wakarudi makwao wakisifu.

Nimeshasikia utetezi wake, na ni wa sababu tatu. Ya kwanza ni wingu. Sasa hili ndilo linalonichosha kwa viongozi wa siku hizi: wanaongoza watu Bukoba kwa hali ya hewa ya Dodoma. Mvua ya huku ina tabia yake. Usiku nchi kavu hupoa, upepo wake hushuka ziwani, hewa ya juu ya maji hupanda, mawingu hujikusanya, kisha upepo wa mashariki huyasukuma mpaka upande wetu wa magharibi. Ndiyo maana radi hupiga alfajiri, mvua hunyesha watu wakinywa chai, na mji wa Bukoba hupata wastani wa milimita 2000 hivi kwa mwaka huku sehemu kubwa ya Tanzania ikiota nusu yake. Siku ile ilishanyesha kabla hatujafunga kamba za viatu. Wingu alilolitazama saa 4 lilikuwa limekwisha kazi yake, linaelekea bonde la Ngono. Mama yeyote aliyewahi kuanika kahawa angemwambia.

Ya pili ni muda, na hapa hesabu haikufanywa kabisa. Njia ya magari haikati, inazunguka. Inapita mlango kwa mlango, na kundi la watu wengi likipita mlango kwa mlango Uhayani halipiti: litasalimia, litaulizwa linatoka wapi, litakaribishwa akamwani, kahawa ya kutafuna, litakataa, halafu litakubali. Waliojua kupanga msafara waliyaweka mapokezi mwishoni, watu wakiwa wamechoka na wana haki ya kukaa. Sisi tulikaa katikati. Ya tatu ni nyasi ndefu. Ningeikubali kama pasingekuwa na kijia. Lakini kijia kile hukanyagwa na wanawake wanaokwenda kwenye misiri yao, vile vishamba vya njugumawe, tena wakiwa na jembe begani na mtoto mgongoni. Sisi tulikuwa na fimbo za aluminiamu.

Tulichopoteza pale si mandhari. Mandhari unaweza kuipata kwenye kalenda. Tulipoteza sehemu ya ushahidi, kwa sababu katika mzunguko huu rweya lenyewe ni mabaki ya kale, na ndilo kubwa kuliko yote. Tazama jinsi nchi ilivyokaa: migongo ya mawe ya mchanga inakwenda sambamba na ziwa, juu yake majani matupu, na vijiji vimekaa kama visiwa vya migomba katikati ya uwazi huo. Mgeni anadhani kibanja, yaani shamba la migomba, kipo pale kwa sababu udongo wa pale ni mzuri. Geoffrey Milne, bwana udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, aliandika mwaka 1938 kwamba mambo ni kinyume: udongo wa kibanja na wa rweya asili yake ni mmoja, umechoshwa na mvua ileile. Tofauti imeletwa na watu. Majani ya rweya yalikatwa yakatandazwa chini ya migomba, ng'ombe walilishwa huko wakarudi na samadi, mwaka baada ya mwaka. Kibanja kilinona kwa kulikamua rweya.

Juu ya hilo weka la pili. Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani aliyeanza kuchimba Katuruka na maeneo jirani mwishoni mwa miaka ya 1960, alijenga hoja kwamba watu wa zama za mwanzo za chuma, wale wenye vyungu vya Urewe, waliumaliza msitu wa pwani hii ya ziwa kwa kilimo na kwa makaa ya kuyeyushia chuma. Unaweza kubishana na ukubwa wa athari yenyewe. Huwezi kubishana nayo ukiwa chini ya migomba ambako huoni kitu.

Na tanuri lilihitaji vitu ambavyo havikai pamoja. Mawe ya chuma yanatoka vilimani. Udongo wa ukuta ni wa kichuguu. Makaa yanataka miti. Halafu kuna ile hatua iliyowashangaza wataalamu mwaka 1978, Schmidt na Donald Avery walipochapisha makala yao katika jarida la Science: wahunzi wazee wa Kihaya, walipoombwa warudie kazi waliyoiacha tangu ujana wao, walijaza shimo la tanuri majani ya kinamasi yaliyochomwa nusu, kisha wakaingiza kewa, ile mirija ya kupitishia upepo wa mivukuto, ndani kabisa ya tanuri, joto likapita nyuzi 1300. Hadi leo wapo wanaopinga kwamba upepo ulipata moto ndani ya mirija ile kabla ya kufika kwenye makaa. Wabishane. Ninachosema ni kwamba kutoka kwenye mwamba ule kiwanda kizima unakiona kwa kugeuza shingo: jiwe ulilolikanyaga, kichuguu kilicho mteremkoni, mafunjo bondeni, na uwazi palipokuwa na miti. Dakika ishirini za kupanda. Tukazikataa, halafu tukafika Katuruka tukitokea chini, tukaonyeshwa mavi ya chuma na vipande vya kewa, na kijana mmoja nyuma yangu akauliza kama vimeletwa na Wajerumani.

Simlaumu kijana. Nawalaumu wanaoanzisha kila ziara kwenye jumba la mtawala Kahigi na kulipatia nusu ya asubuhi. Nimelisema hili hadi nimechosha marafiki: jumba la Kanazi ni zuri, Kahigi wa Pili wa Kihanja alikuwa mtu mzito na alijua kucheza na Wajerumani kuliko watawala wenzake, lakini alifariki 1916. Hiyo ni jana. Ukianza na jumba, kila kinachofuata kitaonekana kimetoka Ulaya kwa meli. Jumba liwe la mwisho, jua likiwa limelainika, na anayetaka kupiga picha apige mpaka betri iishe.

Wenzetu wa Uingereza, ambao nyika yao ya Dartmoor haina hata mgomba mmoja, wanaujua mpangilio huu. Pale Grimspound kuna ukuta wa duara wa zama za shaba na misingi ya nyumba 24. Juu yake umesimama mwamba wa Hookney. Mtembezi mwenye akili hupanda mwamba kwanza, akaliona duara zima lililo chini yake, akaelewa kwa nini watu wale walijenga kwenye lile tandiko kati ya vilima viwili, ndipo akateremka kugusa mawe. Akianzia chini ataona mawe tu.

Wazee waliowaongoza wachimbaji miaka ile hawakusoma Dartmoor. Walikwenda kwa masimulizi. Walisema Omukama (mfalme) Rugomora Mahe wa Kyamutwara, wa ukoo wa Wahinda, aliwakusanya wahunzi Katuruka wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, mnara ukaanguka; wakaonyesha mahali, pale Kaiija palipokuwa na mti wa tambiko. Palipochimbwa pakatoka mabaki ya kazi ya chuma, ya zamani kuliko Rugomora mwenyewe kwa zaidi ya miaka 1000. Waongozaji wale walikuwa na subira ya kumfikisha mtu mahali kwa mpangilio wa hadithi. Huyu wetu alikuwa na simu.

Haki yake nimpe. Maji yalitosha, mtu wa nyuma hakuachwa hata mara moja, na kasi ilikuwa sawa. Pale Katuruka wenyeji walieleza gashani (nyumba ya maziko) ya Rugomora Mahe, waliyoijenga upya wao wenyewe, kwa ufasaha ambao kitabu hakina.

Kuna jambo lingine, na ndilo linalonifanya nisisamehe upesi. Misonobari na mikaratusi inapanda. Kila mwenye kipande cha rweya anaotesha mbao, na siwezi kumkataza mtu kusomesha watoto wake. Lakini rweya likishafunikwa, mwamba ule utazungukwa na vigogo vilivyonyooka, na hakutakuwa na cha kuona kutoka juu. Senene nao sijui watatua wapi mwezi wa Novemba. Njia ya magari itakuwepo miaka yote. Kijia cha kupanda hakina uhakika huo, na kiongozi aliyezaliwa Kagera alipaswa kulijua hilo aliposimama pale.

Nasikia safari ijayo imepangwa baada ya masika, kiongozi ni yuleyule, na ratiba iliyosambazwa inaanza tena kwenye jumba saa 3. Waliojiandikisha wamuulize mapema, kabla hawajatoa nauli, kama mwamba umo.