Rangi na Majirani Zake

Ukumbi wa harusi ukipambwa sawasawa, mgeni akiingia macho yake huenda moja kwa moja kwa maharusi. Hatazami pazia wala zulia. Anaona watu wawili waliopendeza. Sifa humwendea mshonaji, msusi na mpiga picha. Mpambaji hutajwa mwisho, au hatajwi kabisa, ilhali ndiye aliyeyapeleka macho ya mgeni pale yalipotua. Ufundi wake wa kuchagua rangi unastahili kutazamwa kwa utulivu.

Jijini Dar es Salaam, kamati ya harusi kwa kawaida humwendea mpambaji ikiwa imeshaamua rangi: damu ya mzee na dhahabu, tena iwe hivyo hivyo. Fundi mzuri habishani. Anauliza. Ukumbi upi? Kuta zake zina rangi gani? Shughuli inaanza saa ngapi? Gauni la bibi harusi ni jeupe pe au ni krimu? Mama zake wadogo na mashangazi wameshachagua sare? Kisha anaomba kipande cha kitambaa chenyewe, maana damu ya mzee ya dukani kwa huyu siyo ya dukani kwa yule. Wanakamati wenye haraka huyaona maswali haya kama usumbufu. Kwangu mimi, hapo ndipo ufundi ulipo: rangi haionekani ilivyo, huonekana kwa kadiri ya majirani zake.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikabidhiwa usimamizi wa kazi ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mazulia ya kutundika ukutani. Palikuwa na malalamiko kwamba rangi nyeusi ya kiwanda ni hafifu. Alipoichunguza, aliona haina kasoro; ilififishwa na nyuzi za buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Matokeo ya utafiti huo aliyachapisha katika kitabu kikubwa mwaka 1839. Mpambaji wa Sinza anaijua kanuni hiyohiyo kwa macho na mikono. Gauni la krimu likisimamishwa mbele ya pazia jeupe pe huonekana limechakaa, hata kama limetoka dukani jana. Kwa hiyo pazia la nyuma ya meza kuu hulishusha weupe, au hulipa rangi nyingine kabisa, ili gauni ling'ae. Anamfikiria na mpiga picha pia: kamera ikielekezwa kwenye weupe mwingi hupunguza mwanga yenyewe, na sura za maharusi zikatoka nyeusi kuliko zilivyo.

Halafu kuna taa. Balbu za njano hukoleza nyekundu na dhahabu, lakini huzimisha samawati ikaelekea kijivu. Taa za kumulika kuta zikiwekwa rangi ya buluu, kitambaa chekundu pyu hugeuka karibu cheusi. Nje, kwenye bustani au ufukweni, kuna hesabu nyingine. Kwetu giza huingia upesi baada ya jua kuzama, na katika mwanga hafifu jicho la binadamu hupoteza wekundu kabla ya buluu na kijani. Mwanasayansi wa Bohemia, Jan Purkyně, aliliandika hilo karne mbili zilizopita. Kwa hiyo fundi anayepamba sherehe ya jioni hatundiki damu ya mzee mahali ambapo taa hazitafika. Kitambaa chake hukipeleka ukumbini, akakitazama saa ileile ambayo wageni watakuwa wameketi.

Hata kununua kuna elimu yake. Kwenye maduka ya vitambaa ya Kariakoo, satini hurudisha mwanga, mahameli huumeza, na shifoni huonyesha kilicho nyuma yake. Rangi moja kwenye vitambaa hivi vitatu ni rangi tatu. Majora mawili yaliyotiwa rangi siku tofauti yanaweza kupishana kidogo, na kidogo hicho huonekana wazi viti vikipangwa safu. Ndiyo maana mpambaji mzoefu hujumlisha mita zake mapema, akanunua zote kwa mara moja, na kabla ya kulipa akazitoa nje ya duka kuzitazama juani.

Kisha hugawa. Rangi moja hutawala ukumbi, ya pili huisindikiza, ya tatu hudonolewa tu: kwenye maua, kwenye utepe, kwenye leso za mezani. Rangi tatu zikipewa nafasi sawa, hugombana. Nidhamu hii si ngeni Pwani. Kisutu, kanga ya harusi, kimedumu vizazi na vizazi kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe tu.

Na rangi zina wenyewe. Kijani na njano zikikutana ukumbini, wageni huiona timu ya Yanga. Nyekundu na nyeupe, huiona Simba. Mpambaji anayewajua watu wake hulisema hilo kwa upole mapema: «Mama, tukiongeza dhahabu hapa, hakuna atakayewaza mpira.» Chaguo linabaki kuwa la wenye shughuli, naye amewaonyesha watakachokiona wengine.

Kwa haya yote, ombi langu kwa kamati za harusi ni moja. Mpambaji aitwe kabla sare hazijakatwa, kabla gauni halijaagizwa, na ikiwezekana kabla ukumbi haujalipiwa. Akiitwa mwisho, kilichobaki kwake ni kuficha makosa. Akiitwa mwanzo, ana nafasi ya kupatanisha gauni, taa, kuta na sare za mashangazi, na ujira wake utakuwa umelipia maarifa, siyo vitambaa tu.