Mtihani Uliovuja

Mwalimu yeyote aliyesimamia mitihani kwa miaka mingi anaijua harufu ya karatasi iliyovuja. Haijulikani imetoka wapi, hakuna aliyeiona kwa macho yake mwenyewe, lakini bweni zima halilali. Huyu anasema swali la tatu ni mmeng'enyo wa chakula. Yule anaapa kwamba ni mzunguko wa damu. Na wa tatu, ambaye hajafungua daftari tangu muhula uanze, ndiye anayesikilizwa kuliko wote. Sikutazamia kuikuta harufu hiyo tena uzeeni, tena miongoni mwa watu wazima wenye kazi na mishahara yao, wakihangaikia si mtihani bali kamera.

Aliyenitia katika mambo haya ni mtoto wa mdogo wangu, anayefanya kazi Ujerumani. Mwaka 2009 alianza kunitumia mafungu ya karatasi zenye mabishano ya wapenzi wa kamera za Leica kuhusu kamera ambayo ilikuwa bado haijatoka. Nilizisoma kama nilivyokuwa nikisoma insha za wanachuo, kalamu nyekundu mkononi. Maandishi ya aina hii yamezidi sana tangu siku zile, na kila kamera ya bei kubwa inayotarajiwa huwa na fununu zake. Nimewaona wanaoyaamini na nimewaona wanaoyacheka, ila sijamwona aliyeyahakiki kama maandishi. Basi na nijaribu.

Kwanza niseme kamera yenyewe ni kitu gani, kwani bila hilo mabishano hayaeleweki. Kampuni hii ya mji wa Wetzlar si ya jana. Fundi wake, Oskar Barnack, aliunda kamera ndogo ya kwanza kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1925 ikatolewa hadharani katika maonyesho ya Leipzig. Fremu yake ilikuwa milimita 24 kwa 36, na kipimo hicho kikawa ndicho sheria ya filamu ndogo duniani kote. Mwaka 1954 ikafuata ile iitwayo M3, mama wa kamera zote za jamii ya M. Ilipofika mwaka 2006 kampuni ikatoa M8, ya kwanza katika jamii hiyo kutumia dijitali. Hapo ndipo kidonda kilipoanzia. Kipande cha ndani kinachopokea mwanga (vijana hukiita sensa, lakini kwetu sensa ni kuhesabu watu, kwa hiyo mimi nitakiita kipokezi) kilikuwa milimita 18 kwa 27 tu. Mtu aliyekuwa na lenzi zake nzuri za tangu enzi za filamu akaziona zimefinywa, kama aliyezoea kutazama dirishani na sasa anachungulia mlangoni.

Swali lililowakesha watu mwaka 2009, basi, lilikuwa hili: je, kamera ijayo itakuwa na kipokezi kizima cha 24 kwa 36?

Katika swali hili nawapa wabishi wangu alama nzuri, na sizitoi kwa huruma. Waliokuwa wakisema haiwezekani walikuwa na hoja ya kweli ya fizikia. Katika kamera za M, lenzi hukaa karibu sana na filamu. Kutoka kwenye bamba inapofungwa hadi kwenye filamu ni milimita 27.8 tu. Kwa hiyo mwanga unaokwenda pembeni mwa picha hufika umelala, kama jua la saa kumi na moja jioni linavyoingia uani. Filamu haijali. Lakini kipokezi cha umeme ni kama shamba lenye mamilioni ya vishimo, na jua la jioni haliangazi chini ya kisima. Pembe za picha huwa giza. Waliosema inawezekana wakajibu kwamba juu ya kila kishimo huwekwa kilenzi kidogo mno, na vilenzi vya pembeni vikisogezwa kidogo kuelekea katikati, mwanga uliolala huinuliwa na kutumbukizwa ndani. M8 yenyewe ilitumia ujanja huo. Suala lilikuwa kama unaweza kunyooshwa mpaka kwenye pembe za mbali zaidi. Nilisoma kurasa hizo mara mbili. Watu wasiofahamiana, wa nchi mbalimbali, wakifundishana bila malipo jinsi mwanga unavyotembea! Nimewahi kukaa katika vipindi vya sayansi vilivyokuwa hafifu kuliko hivyo, na baadhi yake nilivifundisha mimi mwenyewe.

Makosa yao yako kwenye lugha. Ukifuatilia wazo moja kutoka ukurasa hadi ukurasa, utaona limezaliwa likiwa limevaa "huenda". Siku mbili baadaye limevaa "inasemekana". Wiki haijaisha, mwingine anaandika "kwa kuwa kamera hii ina…" na wote wanaendelea kujenga juu yake, ingawa hakuna ushahidi mpya ulioongezwa. Ile "huenda" imedondoka njiani na hakuna aliyeinama kuiokota. Nilizipigia mstari mwekundu sehemu kama hizo mpaka wino ukanichosha. Kosa la pili ni uchovu wa mapema. Walikuwamo waliokwisha kulalamikia vitufe vyake, bei yake na uzito wake, wakaisusa kabisa, kamera ambayo hawajaishika wala haijauzwa hata moja. Na la tatu, ambalo ni kichekesho, kurasa nzima za kubishania kamera zilikuwa na picha chache mno, na hizo chache zilikuwa picha mbovu za kamera yenyewe, zimepigwa kwa kuibia, hazioneshi vizuri hata rangi.

Kampuni nayo ilikuwa imetega kitendawili chake, kwani ilitangaza shughuli tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 2009, na hata mtoto wa darasa la kwanza angejua ni namba ngapi inakuja. Kabla ya siku hiyo kufika, picha na maelezo vikavuja. Siku ilipofika, M9 ikatoka ikiwa na kipokezi kizima cha 24 kwa 36 kilichotengenezwa na Kodak, megapikseli 18, na bei ya Marekani karibu dola 7,000 bila lenzi. Fununu zilikuwa sahihi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaozikosoa fununu kwa kuwa ni uongo. Karatasi ya mtihani iliyovuja mara nyingi huwa ndiyo yenyewe. Tatizo ni kile ambacho haiwezi kubeba. Chukua M8. Ili mwanga uliolala upite vizuri, kioo cha mbele ya kipokezi kilifanywa chembamba, nusu milimita tu. Kioo hicho chembamba kikashindwa kuzuia mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, na wanunuzi wakagundua kwamba suti na nguo nyeusi za nyuzi za viwandani zinatoka zambarau. Fikiria bwana arusi. Kampuni ikalazimika kumpa kila mnunuzi vichujio viwili vya bure vya kuvalisha lenzi. M9 ikaja na kioo kinene kidogo zaidi, na kwa miaka kadhaa mambo yakawa shwari. Kisha mwaka 2014 ikabainika kwamba kioo hicho kinaliwa na kutu yake ya kivioo, kikiacha vidoa kwenye picha. Kampuni iliahidi kubadilisha vipokezi bure, na mwaka 2017 ikayabana masharti ya ahadi hiyo. Nguo nyeusi na kioo kinacholiwa ndiyo mambo mawili makubwa kuliko yote katika historia ya kamera hizo mbili, na lolote katika hayo halikuwa swali ambalo karatasi iliyovuja ingeweza kulijibu. Yalihitaji watu kutoka nje na kupiga picha, na muda kupita.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili si mchezo kwangu. Kijana wangu alikuwa na M8. Fununu zilipopamba moto, mwezi wa saba mwaka ule, akaiuza upesi kabla bei haijaanguka. Nakiri kwamba kwa hesabu ya fedha alifanya sawasawa. Mwezi wa nane akaja likizo mikono mitupu. Mama yangu, bibi yake, alikuwa amevaa kanga mpya aliyoihifadhi sandukuni kwa ajili ya siku hiyo, akaketi kwenye kigoda chini ya mwembe na kumwambia, "Haya, nipige." Kijana akacheka, akamwambia, "Subiri bibi, safari ijayo nakuja na nzuri zaidi." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimezisoma karatasi zote, na nilikubaliana naye. Mjukuu mwingine akampiga kwa simu. Sura ikatoka kama moshi wa kuni.

Bibi alifariki mwezi wa kumi na moja. Picha iliyopo ukutani kwetu ni ya kadi yake ya mpiga kura, imekuzwa na kijana mmoja wa studio ya mjini mpaka pua ikawa vitone vitone, naye amekunja uso kwa sababu aliambiwa asitabasamu.

M9 yake ilimfikia mwaka uliofuata. Picha ya kwanza aliyonitumia, safi ajabu, kila uzi unaonekana, ilikuwa ya sanduku la kamera hiyo juu ya meza. Karatasi za fununu bado ananitumia kila mara kamera mpya inapotajwa, na kwenye ile ya mwisho aliandika pembeni kwa mkono: "Baba mkubwa, hii safari naona ni ya kweli." Nimempigia mstari chini ya neno "naona", nikamrudishia.