Mikono Inayotuliza Mvuke

Sheria namba 97 ya Jiji la New York huzungumza kwa tani. Baraza la jiji liliipitisha mwaka 2019, na tangu 2024 majengo makubwa, kwa kawaida yanayozidi futi za mraba 25,000, yamewekewa kikomo cha hewa ya ukaa yanayoruhusiwa kutoa kwa mwaka. Anayevuka hutozwa dola 268 kwa kila tani iliyozidi, na mwaka 2030 kikomo kitabanwa zaidi. Jiji lilianzia kwenye majengo kwa sababu humo ndimo inamotoka karibu theluthi mbili ya hewa hiyo, nyingi kuliko inayotoka kwenye magari yake yote.

Ila ndani ya sheria hiyo kuna kifungu ninachokipenda kuliko faini zote. Majengo kadhaa yenye nyumba za kodi nafuu, pamoja na nyumba za ibada, yamepewa njia nyingine: badala ya kuhesabiwa tani, yanaweza kutekeleza kazi 13 zilizotajwa moja moja. Kuziba mivujo ya mfumo wa joto, kuvika mabomba ili yasipoteze joto njiani, kukarabati mitego ya mvuke (vifaa vinavyopitisha maji na kuzuia mvuke), kutoa hewa kwenye ncha za mabomba makuu. Aliyeandika orodha hiyo alikuwa anaijua kazi, au alimsikiliza anayeijua.

Kazi yenyewe ni ya mvuke. Majengo mengi ya zamani ya New York hupashwa joto na boila iliyoko chini ya ardhi, inayochemsha maji kwa gesi au mafuta. Mvuke hupanda wenyewe, bila pampu, hadi kwenye rejeta ya kila chumba, yaani lile pande la chuma lenye mbavu linalosimama chini ya dirisha. Hapo hutoa joto lake, hugeuka maji, na kwenye mifumo ya zamani zaidi maji hayo hurudi chini kwa bomba lile lile ulilopandia mvuke. Bomba moja, safari mbili zinazopishana. Walioubuni mpango huo walikuwa mafundi wa hali ya juu, na mimi huwavulia kofia.

Adui wa mfumo huu ni hewa. Boila ikizimika mabomba hujaa hewa, na ikiwashwa tena, mvuke hauingii mpaka hewa itoke. Ni kama daladala: wasiposhuka waliomo, hakuna atakayepanda. Kwa hiyo ubavuni mwa kila rejeta ya bomba moja kuna kitundu chenye kifaa kidogo cha chuma, ukubwa wa kidole gumba hivi, kinachoachia hewa na kujifunga mara mvuke unapokigusa. Kikiziba kwa kutu au kwa rangi ya ukutani, rejeta hubaki baridi hata boila ingewaka usiku kucha.

Upotevu mkubwa huanzia hapo. Kuanzia Oktoba hadi Mei, nje kukishuka chini ya nyuzi 13 za Selsiasi mchana, mwenye nyumba anatakiwa kisheria kuhakikisha ndani kuna nyuzi 20. Chumba cha mbali kikiwa baridi, mpangaji hulalamika, na msimamizi wa jengo huongeza moto. Chumba cha karibu na boila huwa tanuri, wakazi wake hufungua madirisha katikati ya Januari, na gesi iliyolipiwa inakwenda kupasha joto barabara.

Fundi hodari haanzi kwa kununua boila mpya. Hupanda ngazi kwanza, akashika rejeta moja baada ya nyingine na kusikiliza. Bomba linalogonga humwambia kuna maji yaliyotuama, na mvuke unayasukuma kwa kishindo. Huweka pimamaji juu ya rejeta, akasoma inainamia wapi. Inapaswa kuinamia kidogo upande wa valvu ili maji yarudi yalikotoka. Ikiwa imelala upande mwingine, huinua miguu yake na kusukumia kipande cha mbao chini. Kisha hushuka chini kabisa, hutafuta ncha za mabomba makuu, na kufunga hapo vitoa-hewa vikubwa ili mvuke ufike kila upande karibu kwa wakati mmoja. Mwisho, hupunguza shinikizo la boila. Wengi hudhani kuliongeza ndiyo dawa, kumbe mfumo huu ulisanifiwa kufanya kazi kwa shinikizo dogo.

Ujuzi huo ulikaribia kupotea. Dan Holohan aliuita sanaa iliyopotea katika jina la kitabu chake, The Lost Art of Steam Heating, cha mwaka 1992, na mafundi wengi wameusoma humo.

Jengo refu la Empire State Building la New York nalo lilianzia kwenye vitu vidogo. Katika ukarabati uliotangazwa mwaka 2009, madirisha 6,514 yalitolewa, yakasukwa upya katika karakana iliyowekwa ghorofa ya 5 ya jengo hilo hilo, na karibu vioo na fremu zote vikatumika tena. Nyuma ya rejeta kukawekwa vizuizi vya kurudisha joto chumbani, kazi ambayo leo imo kwenye ile orodha ya 13. Mahitaji yalipopungua, mitambo ya kupoza ilikarabatiwa badala ya kununuliwa mingine mikubwa.

Sidai kwamba vitoa-hewa vitafikisha jiji kwenye lengo lake la kupunguza sana hewa ya ukaa ifikapo 2050. Boila nyingi zitalazimika kuzimwa na umeme kuchukua nafasi. Lakini jengo lililozibwa na kusawazishwa litahitaji mtambo mdogo zaidi, na kabla ya hapo litakuwa limechoma gesi au mafuta kidogo zaidi kila msimu wa baridi.

Nawe unayeishi kwenye jengo la namna hiyo, New York au kwingineko, kama rejeta ya bomba moja inakupigia kelele usiku, itazame valvu yake. Ifungue yote au uifunge yote; ikiwa nusu, maji yanakwama humo na mvuke unagombana nayo. Ikiendelea kugonga, muombe fundi aje na pimamaji.