Hila ya Wapanga Herufi

Fleet Street, London, ina baa iliyojengwa upya mwaka 1667 baada ya moto mkubwa. Bango lake linasomeka Ye Olde Cheshire Cheese, na watalii huitamka hiyo Ye kwa y, kama ilivyoandikwa. Wynkyn de Worde, mpiga chapa aliyehamia mtaa huo karibu mwaka 1500, angewacheka. Neno lenyewe ni the, ile ile ya kila siku. Huanza kwa dh ya dhahabu.

Kiingereza cha kale kiliandika sauti hiyo kwa herufi moja, þ, iliyotokana na maandishi ya runi na kuitwa mwiba. Kadiri makarani walivyozidi kuandika harakaharaka, mwiba ulipoteza pembe yake ya juu, hata ukafanana na y.

Kisha ikaja chapa. William Caxton, bwana wa de Worde, alijifunza kazi hiyo Cologne, akaifanya Bruges, na mwaka 1476 akafungua kiwanda Westminster. Herufi za risasi alizokuja nazo zilitoka ng'ambo, na huko mwiba haukuwa na kazi. Wapanga herufi hawakukwama: walitwaa y, wakaipachika e ndogo kichwani. Msomaji wa siku zile hakubabaika, maana umbo hilo alishalizoea katika miswada ya mkono.

Ustadi wao unaonekana zaidi ukimtazama mmoja akiwa kazini. Mkono wa kushoto umeshika kibao cha kupangia. Wa kulia unaokota herufi mojamoja, nazo zimegeuka kama zinavyoonekana kiooni. Kila mstari sharti ujae sawasawa, la sivyo ukurasa mzima utalegea. Mstari ukizidi kidogo, the inapunguzwa kuwa y yenye e juu, na nafasi inapatikana. Ndivyo ilivyochapwa katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, kitabu cha Ayubu 1:9. Tahajia, basi, iliamuliwa pia na upana wa safu, habari ambayo walimu wakali wa imla wasingeifurahia.

(Ipo ye nyingine, yenye maana ya nyinyi. Hiyo ni neno jingine kabisa, na husomwa kwa y.)

Wenye maduka na baa wa karne ya 19 waliishusha ile e na kuiweka kando ya y, wakitafuta sura ya ukale. Iceland hawakuhitaji hila yoyote: mwiba ungali katika alfabeti yao, na kwenye kibodi una kitufe chake.